Kromi ya Tatu na Kromi ya Sita: Jinsi Chumvi za Kromi Zinavyoliharibu Ini na Viungo Vingine

Mwaka 1990 madaktari wa Afrika ya Kusini walichapisha habari za wagonjwa 7 waliodhurika baada ya kutumia dawa za kienyeji za kusafisha tumbo. Ndani ya dawa hizo mlikuwamo dikromati ya potasi, chumvi ya viwandani yenye rangi ya machungwa, ambayo kazi zake za kawaida ni kutengeneza ngozi na rangi. Dawa za namna hiyo ama hunywewa, ama huingizwa mwilini kwa njia ya haja kubwa. Mtu akiambiwa tu kwamba « kromi ni sumu » hawezi kufahamu yaliyowapata wagonjwa hao, kwa maana jina hilo moja hubeba vitu viwili ambavyo mwili hauvipokei sawasawa.

Kromi iligunduliwa mwaka 1797 na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin, nayo ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Rangi hizo zina habari ndani yake. Chumvi ambazo atomi yake ya kromi imepungukiwa elektroni 3, yaani kromi ya tatu, mara nyingi ni za kijani au zambarau. Zile zilizopungukiwa elektroni 6, yaani kromi ya sita, ni za manjano au machungwa. Kromi ya tatu hupenya kwa shida sana utando wa seli. Kromi ya sita, ikiwa katika umbo la kromati, inafanana na salfati na fosfati ambazo seli huzihitaji. Kwa hiyo hupitia milango ile ile, wala haizuiliwi.

Ikiisha kuingia, hukutana na glutationi na vitamini C, ambazo huipa elektroni na kuishusha kutoka sita hadi tatu. Hapo ndipo penye ajabu ya sumu hii: tendo linaloonekana kuwa la kuituliza ndilo linalojeruhi. Njiani huzaliwa vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa, vinavyochoma mafuta ya utando, proteni na ADN. Glutationi, ambayo ndiyo ngao ya seli, hupungua. Nayo kromi ya tatu iliyozaliwa humo ndani haipati njia ya kutoka, ikashikamana na ADN. Tendo lilo hilo likifanyika nje ya seli huwa kinga. Asidi ya tumboni hugeuza sehemu kubwa ya kromi ya sita kabla haijafyonzwa, ndiyo sababu kiasi kidogo kinachomezwa huzuiliwa kwa sehemu. Lakini dozi kubwa huishinda nguvu hiyo, na dawa inayoingizwa kwa chini haipiti tumboni kamwe.

Damu itokayo matumboni hufika kwanza kwenye ini. Waswahili husema juu ya maneno yanayokata maini. Kromi hukata ini lenyewe, seli kwa seli. Seli zinapokufa, vimeng'enya vyake humwagika katika damu, macho yakawa ya manjano, na ini likashindwa kutengeneza proteni za kugandisha damu, wakati ule ule ambapo matumbo yaliyounguzwa na chumvi yanavuja damu. Mgonjwa aweza kufa katika siku chache.

Figo nazo haziponi. Sehemu ya damu ya mwisho wa utumbo mpana hurudi moyoni bila kupitia ini, na kromi kwa kawaida hutoka mwilini kwa mkojo. Seli za mirija ya figo huikusanya zikafa, hata mkojo ukakatika. Mashine ya kuchuja damu humsaidia mgonjwa mpaka figo zipate nafuu, lakini huondoa kidogo tu cha kromi iliyokwisha kuingia katika seli. Vitamini C hujaribiwa, ila dawa iliyothibitika haipo. Seli nyekundu za damu hubaki na kromi yake muda wote wa maisha yao, karibu siku 120, jambo linalomwezesha daktari kutambua sumu iliyoingia wiki kadhaa zilizopita.

Katika kazi, madhara huja polepole. Wanaovuta vumbi au moshi wake hupata vidonda vya ngozi na tundu katika ukuta wa pua. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kromi ya sita miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Wachomeleaji wa chuma kisichoshika kutu huipata katika moshi. Mwashi anayekoroga saruji kwa mikono mitupu huipata pia, kwa kiasi kidogo kinachotosha kumwasha ngozi maisha yake yote. Tangu mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya miligramu 2 za kromi ya sita iyeyukayo katika kilo moja ya saruji kavu, na viwanda hutimiza sharti hilo kwa kuchanganya salfati ya chuma, inayoigeuza kuwa ya tatu pindi maji yanapotiwa. Saruji iliyokaa sana ghalani hupoteza kinga hiyo, ndiyo sababu mifuko huandikwa tarehe.