Eksirei ipo, mpigaji picha yuko mjini

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mparachichi, mkono umevimba na giza linaingia. Unamfunga khanga, unaita bodaboda, mnafika kituo cha karibu. Mashine ya eksirei ipo, lakini mnaambiwa mtaalamu hayupo, teremkeni Moshi mjini. Mzazi anayeishi Rombo, Marangu au Kibosho anaijua safari hiyo: nauli, barabara yenye utelezi wakati wa masika, na mtoto anayelia njia nzima.

Kwa nini mtaalamu huyo ni adimu huku juu? Sehemu ya jibu iko kwenye kipato chake.

Kwanza tumfahamu. Mteknolojia wa radiolojia ndiye anayepiga picha. Stashahada yake huchukua miaka mitatu. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayeisoma picha na kuandika majibu. Siku hizi picha ya kidijitali inaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali, lakini mikono ya kumlaza mgonjwa sawasawa haitumwi kwa simu.

Mshahara mmoja, kipato tofauti

Serikalini, mshahara hufuata elimu, cheo na muda kazini. Mteknolojia wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na mwenzake wa cheo hicho hicho aliyeko wilayani wako kwenye jedwali moja. Tofauti huanza nje ya jedwali. Wa mjini akimaliza zamu anaweza kupata kazi ya muda katika kliniki binafsi. Wa mteremkoni hana kliniki ya pili. Akiwa peke yake kituoni, huitwa usiku na mchana, na akienda likizo chumba hufungwa.

Hospitali binafsi na za mashirika ya dini, ambazo ni nyingi Kilimanjaro, hupanga mishahara yao wenyewe, mradi zisishuke chini ya kima cha chini cha sheria. Baadhi ya watumishi wa hospitali za dini hulipwa na Serikali. Hivyo wawili wanaofanya kazi chumba kimoja wanaweza kuwa na waajiri wawili.

Uingereza, mtumishi wa afya wa umma anayefanya kazi katikati ya London huongezewa asilimia 20 ya mshahara, ndani ya viwango vilivyowekwa, kwa kuwa maisha ya huko ni ghali. Kwetu gharama ya mteremkoni ni ya namna nyingine: upweke kazini, nyumba, shule za watoto. Nyumba ya mtumishi na posho ya kuitwa usiku inayolipwa kwa wakati vinaweza kumbakiza mtaalamu. Kwenye mkutano wa kijiji, uliza habari za mashine, kisha uliza pia nani ataiendesha na ataishi wapi.

Wewe ufanye nini?

Piga simu kabla ya kusafiri. Uliza kama mpigaji picha yupo leo.

Usimshinikize mtu asiye na mafunzo apige picha kwa kuwa tu anajua kubonyeza kitufe. Picha mbaya hurudiwa, na kila kurudia ni mionzi zaidi. Mwili wa mtoto huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima.

Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya picha. Altrasaundi haitumii mionzi.

Tunza picha za zamani na barua ya rufaa, uende navyo. Huenda vikakuepusha na kipimo cha pili na gharama yake.

Mkono au mguu ukivunjika, usiuvute wala usimpeleke mtoto kwa mkandaji. Uegemeze kwenye ubao au gazeti lililokunjwa, ufunge bila kukaza. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au mfupa ukitokeza nje, usisubiri mpigaji picha arudi. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa, kama Mawenzi au KCMC.

Na ukimkuta mpigaji picha yupo kituoni kwenu saa nne usiku, mshukuru. Huenda ndiye pekee aliyeko, na kesho alfajiri ataitwa tena.