Kivuli na Ufukwe ni vya Wote

Katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, mvua huwa haba Mwanza. Siku za mapumziko, jamaa nyingi za Ilemela hutoka majumbani pamoja na watoto wao. Wengine hukaa ufukweni, chini ya miti na kandokando ya majabali. Wengine hupanda boti hadi kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Huko mtoto huwaona swala na pimbi kwa macho yake, wala si katika picha za kitabu tu.

Ndugu wasomaji, jambo hili ni jema. Mwili una haki ya kupumzika, na baba atembeaye na wanawe huzijua tabia zao kuliko yule awaonaye wakati wa kulala tu. Mama naye apumzike siku hiyo. Vijana wachukue vyombo na kuviosha.

Lakini mahali pa wote pana adabu zake. Katika Ziwa Victoria mna ugonjwa wa kichocho cha tumbo. Mwenye ugonjwa huo akijisaidia ufukweni, mayai ya minyoo huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo waishio penye majani ya ukingoni, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya aingiaye majini. Mtoto achezaye hapo huenda asitambue neno. Lakini ugonjwa ukikaa miaka mingi bila dawa, huharibu ini. Basi mtu aliyejificha nyuma ya jabali kwa haraka zake amemdhuru mtoto asiyemjua, na pengine mtoto huyo ni wake mwenyewe.

Mtume wetu (S.A.W.) alionya juu ya kujisaidia mahali watu waendeapo maji, katika njia yao, na katika kivuli chao. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Maonyo hayo yalitolewa karne nyingi kabla ya darubini kuyaonyesha mayai ya minyoo.

Kwa hiyo yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuchague mahali penye choo, na tuwaonyeshe watoto choo hicho mara tufikapo. Pili, tuwazuie wasichezee maji ya ukingoni yenye matete. Mchanga mkavu watosha kwa michezo. Na dawa ya kichocho igawiwapo shuleni, tusiwafiche watoto. Tatu, chupa na mabaki ya chakula turudi navyo, tusimwachie mwingine uchafu wetu.

Kivuli tulichokikuta kisafi ni amana. Tukiacheni kisafi kwa watakaokuja baada yetu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.