Muislamu na Fomu ya Uongozi

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, hadithi mbili husomwa sana kwenye darsa na mimbarini. Ya kwanza ni ya Abdurrahman bin Samura, iliyomo katika Bukhari na Muslim: Mtume (S.A.W.) alimkataza kuomba uongozi, akamweleza kuwa akipewa kwa kuuomba ataachiwa mwenyewe, na akipewa bila kuuomba atasaidiwa. Ya pili ni ya Abu Musa al-Ash'ari. Aliingia kwa Mtume pamoja na watu wawili wa kabila lake, mmoja kuliani kwake na mwingine kushotoni, Mtume akiwa anapiga mswaki. Wote wawili wakaomba cheo. Abu Musa, ambaye hakujua walichokuwa nacho moyoni, anasimulia kana kwamba bado anauona ule mswaki chini ya mdomo wa Mtume. Jibu lilikuwa kwamba kazi hii hapewi anayeitaka; kisha akapewa Abu Musa mwenyewe, asiyeomba, akatumwa Yemen. Kwa ushahidi huo wapo wanaosema kuwa Muislamu anayechukua fomu ya udiwani au ubunge amekwishavunja katazo, maana fomu haijazwi ila na mwenye kuitaka kazi.

Hoja hiyo ina uzito. Imam Abu Hanifa aliitwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi, akakataa, akatiwa gerezani. Khofu yake ya cheo haikuwa ya kuigiza. Lakini hadithi hazisomwi moja moja. Uthman bin Abil-As alimwomba Mtume amfanye imamu wa watu wake, wala hakukemewa: aliambiwa yeye ndiye imamu wao, awachunge walio dhaifu, na achague muadhini asiyetaka ujira. Tuseme uimamu wa sala si utawala. Basi tumtazame Nabii Yusuf (A.S.), ambaye katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake anamwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akitaja sifa mbili tu: ni mhifadhi na ana ujuzi. Al-Qurtubi, mfasiri wa Andalusia aliyefariki mwaka 1273, anatua hapo kwa makini. Yusuf, anasema, hakujinadi kwa nasaba yake wala kwa uzuri wake, na vyote viwili alikuwa navyo. Kisha anatoa hukumu kwamba mtu anayejua kuwa atasimamia haki, na hamwoni mwingine wa kuisimamia, kwake kuomba kunakuwa wajibu.

Sababu ya katazo imo ndani ya hadithi nyingine. Abu Dharr alipoomba, aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu na kazi hii ni amana, na Siku ya Kiyama itakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na kutimiza yanayompasa. Kwa hiyo linaloogopwa ni udhaifu na uchu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 na ambaye kitabu chake cha hukumu za utawala bado kinasomeshwa, anaeleza kuwa kwa wanazuoni walio wengi kuugombea uimamu, yaani ukhalifa, hakumwondolei mtu sifa. Anarejea shura ya watu sita aliyoiacha Umar bin al-Khattab mwaka 644: walishindana, na hakuna aliyekataliwa kwa sababu tu aliutaka. Na atakayesema Yusuf alikuwa nabii, na sheria za waliotutangulia hazitubani, ajibiwe kwamba Qur'ani imelisimulia ombi lile bila kulilaumu, na kwamba uhifadhi na ujuzi si sifa za manabii peke yao.

Pingamizi kubwa zaidi ni juu ya demokrasia yenyewe. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, vipi basi wingi wa kura uamue? Wanaolitoa huitegemea aya ya 40 ya sura hiyohiyo, maneno ambayo Yusuf aliwaambia wafungwa wenzake. Nawaomba waendelee kusoma. Aliyeyasema maneno yale gerezani ndiye aliyeomba hazina aya 15 baadaye, katika dola ya mfalme asiyefuata dini yake. Na aya ya 76 inaonyesha kuwa kwa sheria ya mfalme huyo asingeweza kumzuia ndugu yake. Sheria ile ilikuwepo, na Yusuf alikuwa kazini. Ibn Taymiyya, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa ulegevu, alikitumia kisa hiki kueleza kwamba Yusuf hakuweza kutekeleza kila alilolitaka, akafanya aliloliweza katika uadilifu na wema. Kumchagua mtu wa kushika ghala la nchi ni jambo moja, na kuhalalisha haramu ni jambo jingine. Bunge likiletewa muswada unaokiuka dini, mbunge Muislamu ataupinga kwa sauti na kwa kura yake, na hilo hawezi kulifanya akiwa nje ya ukumbi.

Katazo la Mtume halijafutwa, ila mahali pake ni katika njia ambayo mtu anautafutia uongozi. Mtia nia anayegawa khanga, sukari na bahasha usiku wa kuamkia kura za maoni ana uchu uleule uliokataliwa mbele ya Abu Musa. Tanzania iliwahi kuuruhusu ukarimu wa namna hiyo, ukiitwa takrima, kwa sheria ya mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Mtume yeye alimlaani mtoa rushwa na mpokeaji pamoja, na hapo mpiga kura naye anaingia. Kura yake ni ushahidi kwamba fulani anafaa, na Qur'ani, katika aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, inaamrisha ushahidi utolewe kwa haki hata kama ni dhidi ya nafsi, wazazi au jamaa. Bahasha ikiletwa mlangoni, irudisheni, na aliyeileta aulizwe ni mali ya nani amewahi kuihifadhi ikasalimika, na anajua nini juu ya kazi anayoiomba.