Simu Inapoishiwa Memori

Kila Desemba, msimu wa ukeketaji unapopamba moto katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, kuna wasichana wanaotoroka usiku. Nyumba salama ya Mugumu, chini ya shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly mwaka 2017, huwapokea. Waokoaji hutafuta njia kwa ramani za OpenStreetMap, ambazo wajitoleaji wa Crowd2Map wamekuwa wakizichora tangu 2015, na ambazo husomeka kwenye simu hata pasipo intaneti.

Lakini simu ya bei nafuu ina memori ndogo. Mfumo wa Android umejengwa juu ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, na memori ikibana, huduma iitwayo lmkd huchagua programu na kuizima, ikianzia zile zilizoachwa nyuma ya skrini. Taarifa iliyojazwa nusu bila kuhifadhiwa inaweza kupotea papo hapo.

Ndani ya kerneli hiyo, ugavi wa memori una ngazi mbili. Ya kwanza hutoa kurasa nzima, kwa kawaida za baiti 4,096. Ya pili huzikatakata kwa mahitaji madogo. Programu ya kerneli huomba kwa kuita kmalloc, na jibu linaweza kuwa NULL, yaani hakuna. Hapo ndipo mkaguzi makini wa msimbo hukaza macho: je, mwandishi amelipima jibu hilo kabla ya kulitumia? Kazi ikikwama katikati, vipande vilivyokwisha kuchukuliwa vinarudishwa vyote? Idadi ikizidishwa kwa ukubwa, tokeo linaweza kupita kikomo na kugeuka namba ndogo. Programu ikapewa kipande kifupi, kisha ikaandika juu ya data ya wengine. Kwa sababu hiyo ipo kmalloc_array, inayokagua kuzidisha huko na kukataa ombi lisilowezekana.

Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na wagavi watatu wa ngazi ya pili: SLAB, SLOB na SLUB. Kila badiliko lililazimika kufikiriwa mara tatu. SLOB iliondolewa katika toleo 6.4 mwaka 2023, SLAB katika 6.8 mwaka 2024. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa: msimbo uliofutwa hauhitaji mkaguzi, na macho yote sasa yako kwenye SLUB.

Vijana wa Mara wanaojifunza programu wasiogope kuusoma msimbo wa SLUB. Uko wazi kwa yeyote, bure, katika folda ya mm, faili slub.c.