Kabla ya Kuuza Bangili, Mjue Kunguru

Msomaji wangu, makala haya yalianzia barazani kwangu, hapa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Dada yangu alinijia usiku baada ya isha, akaketi, akafungua kitambaa na kunionyesha bangili nne za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Akasema, "Kaka, mwanangu ataka niziuze hizi anunue lenzi ya kamera. Asema bila ya lenzi ndefu picha zake za ndege hazitapata mnunuzi. Mimi kamera siijui. Wewe umeishika miaka na miaka. Niuze, nisiuze?"

Mpwa wangu ni kijana wa miaka ishirini na sita. Ana mashua ndogo aliyoachiwa na marehemu babake, nayo huwatembeza wageni katika mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Kamera anayo, na lenzi fupi iliyouzwa pamoja nayo. Alichokitamani ni lenzi ya milimita 600, ambayo bei yake aliyotajiwa inapita shilingi laki moja na nusu. Kumvunja moyo kijana mwenye bidii si jambo jema, na kuipoteza dhahabu ya mjane ni baya zaidi. Nikamwambia dada, "Nipe siku tatu nitoke naye. Kisha nitakupa jawabu."

Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka 1994, nilipokuwa mwandishi kijana, gazeti moja lilinituma Shimba Hills nikapige picha ya palahala, kwani hapo ndipo mahali pa pekee nchini Kenya anapopatikana mnyama huyo mwenye pembe zilizopinda nyuma. Nilipewa lenzi nzuri ya milimita 200 na filmu moja ya picha 36. Palahala nikamwona, tena karibu. Nikapiga filmu nzima kutoka dirishani mwa gari, injini inanguruma, shata nimeiweka 1/60 ya sekunde. Filmu iliposafishwa, picha zote zilikuwa ukungu mtupu. Lenzi haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Siku ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, tulikwenda kuketi kwenye kijiukuta karibu na Fort Jesus. Msomaji mgeni ajue kwamba Mji wa Kale unaelekea mashariki. Asubuhi jua hutoka upande wa bahari likakupiga machoni, na ndege wote huonekana vivuli vyeusi. Alasiri jua hukaa mgongoni mwako na kumwangaza ndege mbele yako. Mchana katikati usijisumbue: hewa ya moto juu ya maji na mawe hutetema kama mvuke wa chungu, na picha ya mbali itatibuka hata ukiwa na lenzi ya mfalme.

Nikamwazima lenzi yangu ya zamani ya milimita 300, nikamwambia, "Leo ni kunguru tu."

Akacheka. "Mjomba, kunguru nani atamnunua?"

"Hanunuliwi, lakini hufundisha. Tena hafundishi kwa ada."

Kunguru hawa wa Kihindi si wenyeji wetu. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na kufikia miaka ya 1940 walikwisha fika Mombasa. Leo wamejaa kila paa, na watu wengi wanawachukia. Lakini kwa mwenye kujifunza kamera hakuna mwalimu kama yeye. Ni mweusi, na jicho lake ni jeusi ndani ya weusi. Ukiweza kulitoa jicho la kunguru likaonekana, jicho la ndege mwingine yeyote halitakushinda.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alituandikia ba, ta na tha ubaoni. Umbo ni moja. Ba ina nukta moja chini, ta mbili juu, tha tatu juu. Ukisahau nukta, alisema, hukuandika kitu, umechora mashua tupu. Nikamwambia mpwa wangu kwamba picha ya ndege ni vivyo hivyo, na nukta yake ni jicho. Mkia ukififia, watazamaji watakusamehe. Bawa likififia, huenda wakalisifu kwa mwendo wake. Jicho likififia, picha hiyo haisomeki. Basi acha kuiachia kamera ijichagulie pa kulenga katika uwanja mzima, maana itashika tawi au ukuta. Chagua alama moja ya kulengea, uiweke juu ya jicho. Kamera mpya nyingine hulitambua jicho la ndege zenyewe, na hilo ni jema, lakini nazo hudanganyika penye majani mengi.

Picha mia mbili za kwanza hazikufaa. Mkono wake ulikuwa ukitikisika, naye hajui. Mkononi kuna kanuni ya zamani ambayo haijafa: kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ikiwa ya milimita 300, shata isipungue 1/300 ya sekunde. Ikiwa ya 600, isipungue 1/600. Hapo ni kwa ndege aliyetulia. Lenzi nyingi za leo zina chombo cha kuzuia mtikisiko, nacho husaidia sana, lakini hutuliza mkono wako wewe, hakimtulizi ndege. Nikampa mfuko mdogo wa kaniki niliojaza kunde kavu. Akauweka ukutani, akaulazia lenzi juu yake, akatoa pumzi nusu, akabonyeza polepole. Picha ikatoka na kila unyoya wake.

Siku ya pili tulitoka alfajiri na mashua, maji yakitoka na tope la mikoko likianza kuonekana. Alikuwa amebeba miguu mitatu ya kusimamishia kamera, nikamwambia aiache. Miguu hiyo ni kitu kizuri nchi kavu, bali mashuani kila wimbi hupanda nayo mpaka kwenye kamera. Mashuani mwili wako ndio chemchemi: viwiko ubavuni, shata 1/1000 au zaidi, na injini izimwe kabisa. Hapo nikamkumbuka palahala wangu.

Tulimpata yangeyange akivizia samaki ukingoni. Ndege mweupe juu ya tope jeusi humtatiza mpima mwanga wa kamera. Kamera huliona tope, hudhani pote ni giza, huongeza mwanga, na yangeyange hutoka kama shuka lililofuliwa, hana unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kidogo. Kwa kunguru mbele ya mbingu hufanywa kinyume chake, huongezwa. Nikamfundisha pia asiiogope ISO. Ikipanda, picha hutia chengachenga, lakini chenga huvumilika na hata kupunguzwa kwa kompyuta. Mtikisiko hauna dawa ya kutegemea.

Njiani kurudi alinirudia kwa hoja yake. "Lakini mjomba, wakubwa wote wana lenzi ndefu."

Nikamweleza habari za waliotangulia. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa vioo na unga wa kuwaka, na mwaka 1905 akatoa kitabu kilichowashangaza watu wa Ulaya. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt aliposhuka hapa Mombasa na bunduki zake, Arthur Radclyffe Dugmore naye alikuja nchini, yeye akiwinda kwa kamera. Kamera yake ilikuwa mzigo wa kubebwa, basi ilimlazimu amsogelee mnyama kwa miguu yake. Na karibu yetu zaidi, baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliokolewa pwani ya Malindi akaletwa Haller Park, Bamburi. Hapo akaandamana na kobe mkongwe. Kiboko akaitwa Owen, na kobe akiitwa Mzee. Picha za Peter Greste za wawili hao zilizunguka dunia. Watu hawakuuliza lenzi ilikuwa na milimita ngapi.

Nilijiona nimeshinda. Siku ya tatu ikanirudisha chini.

Alasiri hiyo tulikwenda upande wa Bandari ya Kale, wanaposhukia mwewe kuokota matumbo ya samaki. Nikamfundisha kwamba ndege hutua na kuruka kifua chake kikiwa kwenye upepo. Ukisimama upepo ukiwa mgongoni mwako, atakujia uso kwa uso. Ila jua na upepo havipatani kila siku, na siku ile upepo ulitoka baharini. Akaweka shata 1/2000, kamera ikiendelea kumfuata ndege bila ya kukoma, akamwandama mwewe kabla hajashuka, wala hakungoja afike. Aliyafanya yote sawasawa. Lakini mwewe alishukia mbali, juu ya maji. Picha ilikuwa safi, jicho lipo, na ndege mzima hakuzidi punje ya mchele. Alipomkuza, ukali wote ukayeyuka.

Akanitazama asiseme neno. Nami ilinibidi niseme kweli. Nilikuwa nimemwambia lenzi si kitu, na hayo ni maneno ya mzee anayejisifia taabu zake. Lenzi ndefu ni kitu. Kuna ndege ambaye hutamfikia kwa subira wala kwa mashua, na hapo milimita 600 hazina badala. Ila lenzi ndefu hukuza kila kitu: humkuza ndege, ikakuza na mtikisiko wa mkono, na mtetemo wa hewa, na kosa la kulenga. Anayeinunua kabla hajajifunza hununua makosa makubwa zaidi.

Usiku ule nilimwambia dada, "Usiuze. Mtoto atakaa na lenzi yangu mwaka mmoja. Picha zake zikipata wanunuzi, lenzi ndefu itanunuliwa na picha. Zisipopata, bangili zako zingali mkononi." Dada akazifunga katika kitambaa chake. Mpwa wangu hakufurahi, wala simlaumu.

Na wewe msomaji uliye na akiba yako, ukienda kununua lenzi iliyokwisha tumika, chukua tochi na gazeti. Tochi uimulike ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe. Gazeti libandike ukutani, ulipige picha tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha usome maandishi ya pembe zote nne. Pembe moja ikififia kuliko wenzake, kuna kioo kilichokaa upande. Ukishainunua, usiifungie kabatini ndani ya mfuko wa ngozi. Unyevu wa pwani yetu huotesha kuvu kwenye kioo kama unavyootesha kwenye viatu vya Idi. Itie katika chombo cha plastiki kinachofunga vyema, pamoja na punje za kunyonya unyevu. Ukitoka baharini, ipanguse chumvi kabla hujala.

Mengine nimeyafunga katika ubeti huu, ili yawe mepesi kukumbukwa:

Egemea ukutani, pumzi ukazishika,
Jicho lako li jichoni, kabula ya kuondoka,
Mwanga uwe mgongoni, na jua laporomoka,
Saburi iwe moyoni, picha haitatibuka.

Juzi kijana alinijia barazani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akanipa picha moja bila ya maelezo. Ni kunguru, juu ya ukuta ule ule. Manyoya meusi yamehesabika moja moja, na ndani ya jicho jeusi mna chembe moja nyeupe ya mwanga wa alasiri, ndogo kama nukta ya ba.

Picha hiyo haijapata mnunuzi. Nimeitundika sebuleni kwangu.