Nguruwe Agombea Urais

Mnamo tarehe 23 Agosti, 1968, kundi la vijana lilimleta nguruwe mzima katikati ya mji wa Chicago, likatangaza kwamba huyo ndiye mgombea wao wa urais wa Marekani. Jina lake waliliita Pigasus. Wakadai apewe walinzi wa serikali kama wagombea wengine, na aarifiwe siri za mambo ya nchi za nje. Kabla shughuli haijafika mbali, polisi wakamkamata nguruwe pamoja na vijana kadhaa, akiwamo kiongozi wao, Jerry Rubin. Hoja ya vijana hao ilikuwa fupi: vyama vikubwa huteua rais, naye rais akawala watu, wao wanateua rais ambaye watu watamla yeye.

Yamkini msomaji ataona kwamba huo ni upuuzi wa vijana walioshiba, na kwa sehemu hatakosea. Walakini kila kicheko kina asili yake, na asili ya kicheko hiki haikuwa Chicago wala haikuwa nguruwe. Ilikuwa ni ahadi.

Mwaka 1964 Bwana Lyndon Johnson aliwaomba Wamarekani kura kwa jina la amani. Mpinzani wake, Barry Goldwater, alionyeshwa kuwa ni mtu wa kuogopwa, ambaye angeweza kuiingiza dunia katika vita vya mabomu ya atomiki. Johnson alisema waziwazi katika mikutano ya kampeni kwamba hakusudii kuwapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kutoka kwao, wakafanye kazi iliyowapasa vijana wa Asia wenyewe. Wananchi wakamwamini, wakampa kura 61 katika kila mia. Mwezi Machi, 1965, vikosi vya kwanza vya mapigano viliteremka pwani ya Da Nang. Kufika mwisho wa 1968 askari wa Marekani waliokuwako Vietnam walizidi 500,000, na katika mwaka huo mmoja waliuawa zaidi ya 16,000. Wavietnam waliokufa, askari na raia, walikuwa wengi mno kuliko hao.

Basi mtu aliyepiga kura ya amani akaletewa vita, kura ya pili aipige wapi? Hapo ndipo mzaha uliposhika mahali pa kura.

Ulianza na Rais mwenyewe. Magazeti yalisema kwamba kuna pengo baina ya maneno ya serikali na imani ya watu. Mitaani jambo hilo hilo lilisemwa kwa lugha nyepesi zaidi. Watu waliulizana: utajuaje kama Johnson anasema kweli? Akijivuta sikio, anasema kweli. Akijikuna kidevu, anasema kweli. Akianza kufumbua midomo, hapo ndipo anaposema uongo. Kadhalika, Oktoba 1965, Johnson alipokuwa amekwisha pasuliwa nyongo, aliinua shati mbele ya waandishi wa habari akawaonyesha kovu lake. Mwaka uliofuata mchoraji David Levine alimchora akiwa katika hali ile ile, lakini kovu akalipa umbo la ramani ya Vietnam. Zimeandikwa hotuba nyingi ndefu dhidi ya vita vile ambazo leo hakuna azikumbukaye. Picha ile ingali inachapwa vitabuni.

Mwaka 1968 ulipowadia, mambo yalikwenda mbio. Mwezi Machi Johnson alitangaza kwamba hatasimama tena. Robert Kennedy, aliyekuwa akikipinga chama chake juu ya vita, aliuawa mwezi Juni. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, mwezi Agosti, Makamu wa Rais Hubert Humphrey aliteuliwa ilhali hakushindana katika uchaguzi wa awali wa jimbo hata moja, na pendekezo la wale waliotaka mabomu yasimamishwe likashindwa kwa kura. Nje, polisi walikuwa wakiwapiga vijana virungu mbele ya kamera za televisheni. Kwa upande wa Republican alisimama Richard Nixon, aliyesema kwamba atavimaliza vita bila kueleza kwa njia gani. Wa tatu alikuwa George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, na mgombea mwenza wake Jenerali Curtis LeMay alizungumza na waandishi juu ya silaha za nyuklia kana kwamba ni silaha kama nyingine. Aliyevichukia vita alitazama karatasi ya kura asimwone wake.

Katika nafasi hiyo tupu akatokea Pat Paulsen. Huyu alikuwa mchekeshaji katika kipindi cha televisheni cha ndugu wawili wa ukoo wa Smothers, na uso wake ulikuwa wa huzuni kama wa mtu aliyetoka kuzika. Kwanza alikanusha kwamba anagombea. Akakanusha tena. Kisha akagombea, akazunguka nchi akitoa hotuba zilizojaa maneno mazito yasiyo na maana, akijipinga mwenyewe katika sentensi moja bila kutabasamu. Uhodari wake ulikuwa katika jambo moja: hakubuni chochote. Aliyachukua maneno ya wagombea wa kweli jinsi yalivyo, akayasogeza hatua moja tu mbele, na watazamaji wakatambua kwamba hawakuweza tena kutofautisha.

Kwetu sisi tunaojua utani, jambo hili si geni. Mtani humcheka mfiwa msibani, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe akachimba kaburi. Kwa kipimo hicho Paulsen alikuwa nusu ya mtani. Nusu ya pili tutamwona Dick Gregory.

Gregory alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa St. Louis, mchekeshaji aliyeacha kumbi za starehe zenye fedha nyingi ili aandamane kudai haki za watu weusi. Mwishoni mwa 1967 alifunga kula kwa majuma kadhaa kwa kupinga vita. Mwaka 1968 alisimama kugombea urais, na vikaratasi vyake vya kampeni alivichapa kwa mfano wa noti ya dola moja, penye sura ya George Washington pakawekwa sura yake. Maofisa wa serikali wakavikamata. Ulikuwa mzaha, lakini aliyeucheza alikuwa na njaa ya kweli tumboni na kumbukumbu ya jela ya kweli. Alipata kura kama 47,000.

Nixon, kwa upande wake, alielewa upesi kuliko wengine kwamba kicheko chaweza kufugwa. Septemba 1968 alitokea kwa sekunde chache katika kipindi cha vichekesho kilichopendwa kuliko vyote, akatamka neno la kimzaha lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Humphrey aliitwa vilevile akakataa. Mwezi Novemba Nixon alishinda kwa tofauti ya kura nusu milioni hivi katika milioni 73 zilizopigwa. Sisemi kwamba sekunde zile ndizo zilizompa ushindi; lakini aliyekuwa akiogopwa kwa ukali wake alipata kuonekana mtu wa kawaida, na hakuna aliyemwuliza habari za Vietnam katika kipindi kile. Miezi michache baadaye, Aprili 1969, ndugu Smothers, waliokuwa wakigombana na wakaguzi wa kampuni yao ya televisheni juu ya mizaha ya vita, kipindi chao kikafutwa.

Wako waliosema kwamba wachekeshaji ndio waliowachosha wananchi na kura. Shutuma hiyo haina haki. Wengi katika wale waliokuwa wakicheka hawakuwa na kura ya kuchoka nayo: katika sehemu kubwa ya Marekani umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21, ilhali umri wa kuitwa jeshini ulikuwa 18. Kijana wa miaka 19 aliweza kuuawa kwa amri ya rais ambaye hakuruhusiwa kumchagua wala kumkataa. Akimpigia kelele nguruwe, alikuwa akitumia sauti pekee aliyoachiwa.

Mwaka 1971 katiba ilirekebishwa, umri ukashushwa hadi 18. Mwaka 1972 vijana walipiga kura kwa mara ya kwanza, na chama cha Democratic kilimsimamisha mpinzani wa vita, George McGovern. Hata hivyo waliojitokeza kote nchini walipungua, kutoka kama watu 61 katika kila mia ya wenye umri wa kupiga kura mwaka 1968 hadi kama 55, na McGovern alishindwa katika majimbo 49 kati ya 50.

Pat Paulsen naye alirudi mwaka huo. Safari hii alijiandikisha rasmi katika uchaguzi wa awali wa Republican huko New Hampshire, ashindane na Nixon mwenyewe. Alipata kura elfu moja na ushei.