Panga kwanza, kiwanja baadaye: kuhamishia familia Shanwe

Mtanzania wa Houston au Reading akishaamua kurudi na watoto, orodha ya pa kukaa anakuwa nayo tayari: Goba, Madale, Bunju, Kigamboni. Ndugu wanamsukuma hukohuko, dalali anamtumia picha kwa WhatsApp, na mwaka haujaisha ameshalipia kiwanja kitakachomla muda mrefu wa foleni asubuhi na mwingine jioni, kila siku ya kazi. Aliyetumia ujana wake ndani ya gari huko ughaibuni anarudi nyumbani kumalizia utu uzima ndani ya gari.

Makala haya ni kwa wale wachache wanaowaza kinyume. Wanataka mji ambao mtoto anaweza kutumwa dukani na kurudi, mwalimu na mzazi wanakutana sokoni, na nauli ya bajaji haikufilisi. Wapo wenye asili ya Katavi na Rukwa wanaoutazama mji wa Mpanda kwa macho hayo, na ndani ya Mpanda jina la Shanwe halikosekani. Nina neno la tahadhari kwao, na nitalitoa baada ya kueleza mahali penyewe.

Shanwe ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Majirani zake katika manispaa ni kata kama Kashaulili, Makanyagio, Nsemulwa, Kawajense na Ilembo, bila kusahau kata inayoitwa Mpanda Hotel na nyingine inayoitwa Uwanja wa Ndege. Mji unaozipa kata zake majina ya namna hiyo unakupa habari zake wenyewe: hoteli ilipokuwa ya kutajika, ilitosha kuwa anwani ya watu wote.

Mpanda ni mtoto wa mgodi. Mwaka 1947, kampuni ya William Levitt ilipoanza kujenga Levittown nje ya New York, nyumba zaidi ya 17,000 za kufanana ambazo mikataba yake ya mwanzo iliwafungia mlango watu weusi, huku kwetu mkoloni alikuwa katika mipango ya kutandika reli ya kama kilomita 210 kutoka Kaliua kwenda Mpanda. Shabaha ilikuwa madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Kitongoji cha Levitt kilijengwa kwa ajili ya familia. Mji wetu ulijengwa kwa ajili ya mzigo, na familia zilikuja kwa sababu mzigo ulihitaji mikono. Mgodi ulifungwa karibu na wakati wa uhuru, reli ikabaki, na watu wakabaki na reli yao.

Kwa miongo mingi baada ya hapo Mpanda ilikuwa mbali. Treni ya kutoka Tabora ilikuwa na siku zake, na ukiikosa unasubiri. Barabara zilikuwa za vumbi na tope. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya TANESCO, kwa kuwa gridi ya Taifa haikufika. Mwenye mgonjwa mahututi alitazama Mbeya au Mwanza na kuhesabu saa. Hapo ndipo ulipotoka ule utulivu ambao watu wetu wa ughaibuni wanausimulia kwa mapenzi. Mji ulibaki mdogo kwa sababu ulikuwa mgumu kufikika. Waliokuwamo walijuana kwa kuwa hawakuwa na wengine wa kujuana nao.

Ugumu huo unaondoka sasa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ikawa makao makuu, na ofisi, watumishi na nyumba za kupanga vikafuata. Lami imefika kutoka upande wa Sumbawanga na kutoka Tabora kupitia Koga. Ndege za Air Tanzania zimekuwa zikitua. Laini ya umeme ya kilovolti 132 imevutwa kutoka Tabora. Huko ziwani, Bandari ya Karema imejengwa kwa macho ya kuitazama Kongo ng'ambo.

Sensa inasema mengine. Mwaka 2012 Katavi ilikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,152,958. Yaani katika miaka kumi mkoa umeongezeka zaidi ya maradufu. Wasukuma wamekuja na ng'ombe na mashamba, wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu, wafanyabiashara wamefuata wachimbaji. Kule Katumba na Mishamo, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao wamepewa uraia na sasa ni wapiga kura na wauzaji wa mahindi kama wengine. Asubuhi ukiwa sokoni unaweza kuamkiwa "mwangaluka" na mtu ambaye babu yake hakuwahi kuiona Katavi. Mimi nauona huu kuwa utajiri wa mji. Ila anayerudi akitafuta Mpanda ya mwaka 1995 anatafuta kitu ambacho hakiuzwi tena.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja tu wa msingi: chagua mtaa kabla ya kiwanja, na mtaa haujulikani kwa picha. Panga nyumba Shanwe, au popote utakapopapenda, ukae mvua nzima. Katavi haina vuli na masika mbili mbili kama Pwani. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Wanaokuja likizo huja Julai. Julai Mpanda ni nzuri mno: asubuhi za baridi, barabara kavu, anga safi. Ukinunua kiwanja Julai umenunua nusu ya habari zake.

Rudi Februari ukione. Tazama maji yanapita wapi yakitoka barabarani, na kama jirani wa juu amechimba mtaro unaokuelekea. Tazama nyumba za tofali za kuchoma zilizoanza kulika chini, alama ya maji kwenye ukuta ikikuambia yalifika kimo gani. Uliza choo cha nani kilijaa. Angalia bodaboda wanaishia wapi wakati wa tope na nani anamaliza njia kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni. Uliza mamlaka ya maji inatoa maji siku ngapi kwa wiki, kisha muulize mama anayeuza vitumbua, maana wa pili ndiye anayeamka saa kumi usiku kuyakinga. Hakuna dalali atakayekueleza hayo, na wala si kazi yake.

Kata ya pembezoni mwa mji ina jambo jingine. Shamba la mahindi unaloliona leo nyuma ya nyumba, lililokuvutia kwa sababu linapapa mahali sura ya kijiji, kesho ni vijiwanja. Mwenye shamba naye anasomesha. Kabla ya kulipenda, nenda idara ya ardhi ya manispaa uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Mchoro utakuambia kama mbele yako patakuwa na shule, barabara, eneo la wazi au gereji. Utakuambia pia kama kiwanja unachoonyeshwa kimepimwa, kina namba na kitalu, au ni kipande cha shamba kilichokatwa kwa kamba.

Hapa niende polepole kidogo, kwa kuwa fedha nyingi za watu wetu zimezama hapa. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya mwenyekiti. Hatimiliki ni kitu kingine. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati inakupa haki ya kuikalia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kiwanja chenye hati kifanyiwe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla hujatuma hata shilingi, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama hakijawekwa rehani benki. Kisicho na hati, uliza kwa majirani wote wanne, kila mmoja peke yake, mpaka uko wapi. Wakitofautiana, ondoka.

Halafu kuna pasipoti. Sheria yetu ya uraia haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyeapa kuwa raia wa Marekani au Uingereza amekoma kuwa Mtanzania mbele ya sheria, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu raia wa nje wenye asili ya Tanzania. Ni hatua nzuri, na aliye katika kundi hilo aanzie huko, kwa Uhamiaji na kwa Kamishna wa Ardhi, kabla ya kuanzia kwa kaka. Kuandikisha kiwanja kwa jina la kaka kumekuwa njia ya mkato kwa miaka mingi. Kaka akiwa hai na undugu ukiwa mzima, sawa. Akifariki, mirathi inamtambua mjane na watoto wake. Wewe uliyetuma fedha ni shemeji tu mwenye maneno mengi.

Watoto nao wana hesabu yao. Aliyezaliwa ng'ambo na mzazi Mtanzania anaweza kushika uraia wote wawili hadi afike miaka 18, kisha achague. Shuleni, tatizo la kwanza huwa lugha. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na zimekuwa bila ada tangu 2016. Mtoto wa miaka tisa aliyezoea kujibu kwa Kiingereza nyumbani atapata taabu ya mwaka mmoja, na baadaye ataongea kuliko wewe. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zipo mjini, lakini kumweka huko mtoto uliyemrudisha ili ajue kwao ni kumrudisha nusu. Kwa ratiba: chini ya mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Mwenye mtoto wa umri huo ajiandae kwa msongamano wa kidato cha kwanza mwaka 2028.

Matibabu sina la kuongeza sana. Mpanda ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na kwa magonjwa ya kawaida na uzazi huna haja ya kusafiri. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo unaohitaji kliniki ya kila mwezi afikirie mara mbili, au apange maisha yake pamoja na safari za Mbeya na Mwanza.

Sasa kuhusu watu, jambo ambalo ndilo hasa linamtoa mtu Texas. Mji mdogo unakupokea, ila kwanza unakuhoji. Ukipita mara ya pili katika njia ileile, mzee aliyekaa kibarazani atakuuliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgeni wa nani?"

Swali hilo lina jibu moja sahihi, nalo ni jina la mtu anayejulikana pale. "Nimekuja tu" si jibu. Mwenye jina anaonyeshwa fundi mwaminifu, anaambiwa wiki hii migebuka imefika kutoka ziwani, anaonywa kisima kipi kisitumike. Asiye na jina hulitengeneza mwenyewe, na njia yake ni kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi katika wiki ya kwanza, kisha kuonekana misibani. Kuna daftari la michango, na jina lako likikosekana humo linakosekana pia siku yako. Waliokulia kwenye mitaa ya ng'ambo ambako jirani huonekana akitoa pipa la taka tu huliona jambo hili kama kuingiliwa. Mke au mume asiye wa huku huliona hivyo zaidi. Semeni kabla ya kununua tiketi, kwa sababu jirani anayejua watoto wako wako wapi saa kumi jioni ndiye huyohuyo anayejua mmepika nini.

Familia nyingine zitakaa miezi sita na kugundua kwamba zilichotaka ni Kashaulili karibu na soko, au Sumbawanga, au kweli Goba. Hakuna aibu. Kodi ya nyumba ya miezi sita Mpanda ni ndogo kuliko bei ya kosa la kiwanja. Nao watakaobaki watakuwa tayari wanamjua fundi, balozi, mwalimu mkuu na mahali maji yanapopita, na muuza kiwanja akitaja bei watajua kama anawatania.

Kwa hiyo anayepanga kuhama mwaka huu afike Oktoba, apange nyumba, asajili watoto kwa muhula wa Januari, na asizungumze na dalali hadi Mei.